Gari Lililonukia Vitumbua

Juzi asubuhi kijana wa nyumba ya pili aliegesha gari lake kwenye kivuli cha ukuta wangu, hapa Ruangwa mjini. Amelinunua hivi karibuni na bado analisikiliza kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Kila mlio unamshtua. Mkononi alikuwa na boksi, na ndani ya boksi chujio la hewa, si la kiwanda kilichotengeneza gari lile, la kiwanda kingine, ambalo rafiki zake wamemwambia linaipa injini pumzi. Akanipa simu yake nimshikie ili asome maelekezo. Akafungua vibano, akatoa chujio la zamani, akaweka jipya, akafunga. Hata chai yangu haikupoa.

"Na mafuta unatia wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Mafuta ya nini, bibi? Hili ni karatasi tu."

Sijui kama na wewe umewahi kupatwa na hali hii, rafiki yangu: umesimama mbele ya kitu cha leo, na pua inanusa kitu cha miaka sabini nyuma. Mimi nilinusa ufuta. Ufuta unaokaangika, na vumbi, na petroli, vyote pamoja, ikabidi nivute kigoda nikae.

Nachingwea ya utoto wangu ilikuwa na sauti moja ambayo haikunyamaza. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wamekuja na mashine za kung'oa msitu, na tangu alfajiri matrekta yalinguruma hadi sisi watoto tukazoea, tukawa tunasinzia kwa mlio ule kama wenzetu wanavyosinzia kwa mvua. Vumbi lilikuwa jekundu na laini kama unga. Lilikaa juu ya majani ya muhogo, juu ya maji mtungini, kwenye kope za watu. Jioni ungemwona mtu anarudi kazini, mwekundu mwili mzima, na meno tu ndiyo yanakwambia kwamba anacheka.

Baba alikuwa na kazi moja tu katika karakana yao. Alikuwa akiosha machujio. Ubavuni mwa kila injini kulikuwa na kopo kubwa la bati. Ndani yake, juu, mlijaa nyuzi za chuma zilizosokotana kama dodoki, na chini lilifungwa bakuli lenye mafuta mazito ya injini. Hewa iliingia, ikagusa mafuta, ikaacha vumbi lake humo, kisha ikapanda ikiwa safi. Baba aliosha nyuzi kwa mafuta ya taa, akamwaga uji mwekundu uliotuama bakulini, akatia mafuta mapya mpaka kwenye mstari uliochorwa ndani. Basi. Makopo mangapi kwa siku, sijui. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata siku ya Idi.

Mama alikuwa amefariki alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la pili nimbebe yule mtoto. Kila adhuhuri nilimpelekea baba chakula: ugali wa mtama na kisamvu, au ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi na pilipili. Mtoto mgongoni, amelala katikati ya kelele zote zile. Baba akila, mimi nilikaa juu ya debe nikitazama makopo. Alipenda kunieleza, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyemuuliza.

"Injini ni mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Ukimwachia vumbi puani atakufa huku unamwangalia. Na mafuta, mpaka mstarini tu. Yakipungua, vumbi linapita. Yakizidi, injini inayanywa."

Halafu siku moja sauti ile ikanyamaza. Wazungu walifunga kazi, wakaondoka, na ukimya ukawa mkubwa hata tukasikia njiwa ambao labda walikuwepo siku zote. Vitu vyao vilitawanyika majumbani mwetu kama maji baada ya mafuriko. Mlango wa lori ukawa mlango wa banda la kuku. Tairi likawa kiti cha mzee wa kuuza kahawa. Baba aliambiwa achukue chujio moja kuukuu la trekta. Bakuli la chini alimpa bibi mmoja jirani yetu, aliyekamua mafuta ya ufuta. Ndiye aliyemlea mdogo wetu kwa uji wa muhogo na karanga wakati mama alipotutoka, na baba hakuwa na kingine cha kumshukuru. Kopo lenyewe lilining'inizwa ukutani, na mdogo wetu akawa analipiga kama ngoma.

Masika yaliyofuata baba akashikwa na homa, hakuinuka tena. Siku ya arobaini yake, baada ya dua, mjomba wetu kutoka Nambilanje alituita uani. Kwetu mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye watoto. Neno lake halipingwi. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza akitazama miguu yake.

"Wapwa zangu, nyumba yangu ni ndogo na midomo ni mingi. Nikivuna ufuta nitakuja. Huyu wa kiume nitakwenda naye mimi. Huyu mdogo ataenda kwa mama yenu mkubwa, kule Mkotokuyana. Na wewe, mkubwa, tutakutafutia nyumba ya kukaa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na minane, wa mwisho minne. Sikulia mbele yao. Usiku ule tulilala kwenye mkeka mmoja, na kuanzia hapo nikawa nautazama ufuta wa watu mashambani kama mtu anavyotazama saa: ukitoa maua, ukifunga vibegi vya mbegu, ukianza kugeuka rangi ya njano.

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa fundi cherehani. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Wazungu walipokuwa wakiondoka alinunua gari dogo la mizigo, akiwa na ndoto ya kubeba cherehani yake na abiria kwenda minadani, Nachingwea hadi Ruangwa, ashone hukohuko. Lakini gari lilikuja bila chujio. Mtu alikwisha kulichukua. Dereva mmoja wa zamani alimwambia kwamba katika vumbi hili injini iliyo wazi namna ile haitamaliza kiangazi. Tangu siku hiyo gari lilikaa chini ya makuti, kuku wakitaga kwenye kiti.

Asubuhi moja, ufuta ukiwa tayari umefungwa vitita na kusimamishwa juani, fundi alinikuta nikichambua mboga.

"Binti, baba yako si alikuwa akiosha yale makopo ya hewa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulikuwa ukiona?"

"Kila siku."

"Basi njoo unionyeshe. Mimi najua kukanyaga na kukata kona. Nikiinua boneti naona utumbo wa ng'ombe."

Akachuchumaa, akashusha sauti. "Mjomba wako yuko mnadani Ruangwa Jumamosi hii, anauza ufuta. Gari likifika, nitamwambia mwenyewe kwamba nyote watatu mkae kwangu, chumba cha uani. Wewe utajifunza kushona na utaliangalia hilo kopo. Lakini siwezi kumwendea kwa miguu nikamwambia nina kazi ya gari, na gari liko chini ya makuti linatagiwa na kuku."

Niliingia ndani nikalishusha kopo la baba ukutani. Mdogo wetu akanishika nguo. "Unaipeleka wapi ngoma yangu?" Nikamwambia inakwenda kufanya kazi.

Tulianza kazi siku hiyohiyo, na mtaa mzima ukaja kutazama mtu mzima akifundishwa na msichana wa kumchotea maji. Mdomo wa kabureta ulikuwa mwembamba, bomba la kopo lilikuwa pana. Mtu mwingine angekata tamaa. Fundi alivua futi kamba shingoni, akapima huku, akapima kule, akaandika kwa chaki juu ya madigadi.

"Fundi!" mzee wa kahawa akapiga kelele kutoka kwenye tairi lake. "Leo unalishonea gari suruali?"

"Kanzu, mzee. Linakwenda mnadani, haliwezi kwenda uchi."

"Usisahau mfuko, litie tumbaku!"

Alikata turubai, akakata mpira wa ndani wa tairi, akaushonea kwa ndani kama bitana. Umbo lake lilikuwa mkono wa shati hasa: pana begani, jembamba kiwikoni. Mishono akaipaka nta ya nyuki. Mimi nikasafisha nyuzi za kopo kwa mafuta ya taa, nikazianika, tukalifunga kopo ubavuni kwa waya, kisha tukavisha ule mkono huku na huku na kuukaza. Nilimfundisha kama nilivyomwona baba. Injini ikiwa inanguruma, unapitisha unyoya wa kuku kuzunguka maungio. Unyoya ukivutwa, hapo hewa inaiba njia. Fundi aliupenda sana ule unyoya. Aliupitisha, akaurudisha, akaupitisha tena, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Mahali pawili ulivutwa. Akaongeza mshono na nta, ukatulia.

Lilibaki bakuli. Nilikwenda kwa yule bibi jirani yetu jioni, nikampigia magoti.

"Shikamoo bibi. Tunaomba lile bakuli la baba, la gari."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alichanganya Kimwera na Kiswahili, na maneno yake yalitoka polepole kama mafuta yake. "Leo hapana. Kesho nitalileta mwenyewe."

Kesho yake alilileta. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi na mtungi kichwani, nikamkuta fundi amesimama kando ya gari, mikono nyuma, uso unang'aa.

"Nimefunga mwenyewe," akasema. "Bila mtu. Na unyoya nimepitisha."

"Na mafuta?"

"Yamo."

"Mpaka mstarini?"

"Yamejaa vizuri kabisa."

Hapo ndipo nilipopaswa kulifungua nitazame. Lakini nilikuwa nimechoka, na fikra zangu zilikwisha kufika Ruangwa, zimesimama mbele ya mjomba. Nikatua mtungi, nikamwambia ahsante.

Jumamosi tuliondoka umande ukiwa bado juu ya nyasi. Fundi na mkewe mbele. Sisi watatu nyuma pamoja na cherehani, akina mama wawili wenye magunia ya ufuta, na mzee mmoja wa Chinongwe aliyebeba jogoo. Baridi ya asubuhi ile naikumbuka mpaka leo, na mikorosho iliyoanza kutoa maua, na mdogo wetu aliyenikumbatia mkono kwa sababu alikuwa hajawahi kuona miti ikikimbia. Nyuma yetu vumbi jekundu lilisimama kama ukuta, na nikawaza kwamba hilo lote linapita katika kopo la baba na kubaki humo.

Kisha ikaja harufu.

"Nani anakaanga vitumbua huku porini?" mama mmoja akauliza.

"Hata mimi nasikia njaa," akasema mwenzake.

Mzee wa jogoo akanusa upepo. "Hii si vitumbua. Hii ni harusi."

Ilikuwa inatoka kwetu. Moshi mweupe mzito uliviringika nyuma ya gari, unanukia kama jiko la sikukuu. Tulipopita kijiji kimoja watoto waliacha mbuzi wakatukimbilia, wakiimba kwamba gari linapika. Abiria walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pia, mpaka injini ilipokohoa. Ikakohoa tena kwenye kilima, ikatetemeka, ikazima. Ukimya ukaja, ule ule wa siku walipoondoka Wazungu.

Fundi aliinua boneti. Nikafungua kibano cha bakuli, nikalishusha kwa mikono miwili. Mafuta yalikuwa bado yamepita mstari kwa mbali. Nikatia kidole, nikalamba.

"Ni ufuta," nikasema.

"Ufuta gani?"

"Mafuta ya bibi. Alikuletea bakuli likiwa na mafuta?"

"Lilifunikwa kwa jani la mgomba. Nikasema, huyu bibi ana akili, kalileta na mafuta yake kabisa!"

Akina mama walikaa chini barabarani kwa kucheka. Wewe msomaji wa kwetu umekwisha kuelewa. Bibi alikuwa anarudisha chombo, na kwetu mwanamke harudishi chombo cha watu kitupu; hata ukimwazima ungo, utarudi na mihogo miwili. Alikuwa akiwarudishia mayatima bakuli la baba yao. Alilijaza kadiri lilivyoweza kujaa, awape mafuta ya kupikia mwezi mzima. Na fundi, mwanafunzi mwema, aliyeambiwa bakuli lazima liwe na mafuta, aliona mafuta. Injini ikanywa, kama baba alivyosema.

Lakini jua lilikuwa linapanda. Mjomba akimaliza kuuza hukaa kidogo tu, halafu anashika njia ya Nambilanje, na baada ya hapo ni yeye atakayekuja kwetu. Nilimtazama mdogo wangu wa kiume. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika lile jani la mgomba lililosahauliwa chini ya kiti, analikunja na kulikunjua.

"Dada," akasema, "hatutafika?"

Nikamwambia anishikie bakuli.

"Msimwage!" mama mmoja akapiga kelele, akaleta kibuyu chake. Tukayamimina humo, mekundu kidogo kwa vumbi. Akasema yatafaa kwa nywele. Fundi alikuwa na kopo la akiba la mafuta ya injini. Nikaosha nyuzi kwa mafuta ya taa tuliyobeba kwa ajili ya kandili, nikakung'uta, nikaosha na ule mkono wa turubai kwa ndani. Kisha nikatia mafuta ya injini bakulini mpaka mstarini. Nilipiga magoti nikalitazama bakuli kwa usawa wa macho, jinsi baba alivyokuwa akifanya, si tone zaidi. Fundi naye alijua jambo moja, aliloonyeshwa siku aliponunua gari: kufungua plagi na kuzipangusa. Akazipangusa kwa pindo la kanzu yake mwenyewe. Mkewe akasema, "Hiyo utafua wewe." Fundi akazungusha hendeli ya kuwashia injini mara moja, mara mbili. Mara ya tano injini ikashika. Bila kuambiwa, fundi akachomoa unyoya nyuma ya sikio alikouhifadhi, akaupitisha kwenye maungio. Ulitulia.

Tulifika Ruangwa mnada ukiwa umeanza kulegea. Mjomba alikuwa amekwisha kukunja magunia yake matupu. Aliposhtuka kutuona, nilidhani atakasirika.

"Mmekuja na nini?"

"Na gari, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mnanuka vitumbua?"

Fundi akasema yote, kwa heshima, kofia mkononi. Chumba cha uani. Kazi ya kushona. Watoto watatu mahali pamoja. Mjomba alisikiliza, akalizunguka gari, akagusa ule mkono wa turubai kwa kidole.

"Huu umeushona wewe?"

"Nimeushona mimi. Lakini kazi ni ya huyu mpwa wako. Mimi ni mwanafunzi wake."

"Na njiani halikuzimika?"

Fundi angeweza kusema hapana. Akanitazama. "Lilizimika mara moja," nikasema. "Kosa langu, sikutazama. Nimelitengeneza."

Mjomba akapangusa kidole kwenye gunia. "Sikutaka kuwatenganisha, mpwa wangu," akasema. "Nilikosa mahali tu. Nitapanda na nyinyi kurudi Nachingwea, nikione hicho chumba. Likizimika tena, kesho naondoka na hawa watoto."

Njia nzima sikuisikia. Nilisikiliza injini tu, kila kilima, kila mchanga. Mdogo wetu alikuwa mapajani kwa mjomba. Jua la alasiri liliingia katika vumbi likawa kama dhahabu, cherehani ikawa inagongagonga polepole, na tulipofika kwenye kile kilima cha asubuhi nilifumba macho. Gari likapanda. Nilipoyafumbua nikamwona mjomba, kichwa kimeangukia gunia, mdomo wazi, na mtoto kifuani pake, wamelala wote wawili. Hapo nikajua. Mtu halali kwenye gari analolitilia shaka.

Aliamka tulipozima chini ya makuti. "Tumefika?" akauliza, anapangusa mate. Alikitazama kile chumba, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema kinatosha.

Tulikaa humo mpaka mimi nilipoolewa, na mdogo wangu wa kiume akawa dereva wa gari lile hadi lilipokufa. Sasa fundi hayupo, mkewe hayupo, bibi na mjomba wako chini ya udongo ule mwekundu. Njia imewekwa lami, na vumbi linasubiri pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Chujio likichafuka linatupwa, linanunuliwa jingine. Hakuna mtu ninayemjua ambaye mikono yake inanuka mafuta ya taa siku ya Idi.

Yule kijana wa juzi alisahau boksi lake tupu kizingitini kwangu. Jioni nililichukua, nikakaa nalo. Kisha nikachoma korosho, nikalijaza mpaka juu, nikaenda kumgongea.

Akalipokea kwa mikono miwili, anashangaa uzito wake. "Bibi, mbona hili nilikuwa nalitupa?"

"Najua," nikamwambia. "Kula. Lakini usiitilie injini."